Roselyn, Ramu na Keki Mbili Zilizofanana

Anayeoka keki za harusi zetu hapa Stockholm anaitwa Roselyn. Anakaa Rissne, ghorofa ya tatu, na mlango wake huna haja ya kuutafuta kwa namba. Ukitoka kwenye lifti unafuata karafuu na tangawizi. Mimi nakaa Rinkeby, kituo kimoja tu kwa treni ya buluu, na kwa karibu miaka minne nilikwenda kwake kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kulisha mtungi wa binti yangu Rita.

Mtungi wenyewe ni wa kioo, wa kubeba kwa mikono miwili. Ndani kuna zabibu kavu, plamu zilizokaushwa na maganda ya machungwa, vyote vimezama kwenye ramu nyeusi, ile pombe kali ya miwa. Matunda yale yanakunywa. Kila mwezi ramu inashuka kidogo, na kila mwezi lazima uongeze, la sivyo ya juu yanakauka. Roselyn huita kazi hiyo kulisha. Anasema mtungi ukilishwa vizuri, keki yake inakaa mwaka mzima, na unaweza kuikata tena siku ya kumbatiza mjukuu. Kwetu Busia, harusi isiyo na keki nyeusi ya matunda watu huiita mkutano.

Alikuwa na sharti moja. Ramu inunuliwe na mama wa bibi harusi mwenyewe, kwa miguu yake. Mimi ni mwimbaji wa kwaya. Nilikuwa nimekaa Uswidi miaka ishirini na mbili bila kukanyaga duka la pombe la serikali, na pombe kali hapa haiuzwi pengine popote. Siku ya kwanza nilipanda treni hadi mtaa ambao hakuna anayenijua, nikavaa miwani ya jua mwezi wa Novemba, nikaingia. Kwenye rafu ya pili nikakutana na mzee wa kanisa letu ameshika chupa tatu za divai. Tukaambiana Bwana asifiwe, kisha kila mtu akaitazama rafu yake.

Nilimfikishia Roselyn ile chupa ndani ya mifuko mitatu. Aliitoa mmoja mmoja.

“Umeiiba?”

“Hapana.”

“Basi mbona imevaa sanda?”

“Dada, watu wataniona. Itakuwaje wakisema mama Rita amekuwa mlevi?”

“Utawaambia unalisha mtungi. Ramu si kitu cha kuficha, Mama Itakuwaje. Waliofichwa ni watu walioitengeneza.”

Jina hilo, Mama Itakuwaje, lilinishika tangu siku hiyo. Sikatai. Mimi ni mtu wa kuhangaika. Nikipanda treni nahesabu kama nimezima jiko. Rita akichelewa kujibu simu, nakuwa nimeshamzika. Yeye hunijibu kwa Kiswidi, “Mamma, sluta,” yaani nikome, na mimi nakoma dakika tano. Lakini nyumbani kwa Roselyn nilikuwa natulia, kwa sababu wakati wa kulisha yeye husimulia. Hakuna mama anayelisha mtungi pale bila kusikia ramu imetoka wapi. Anamimina kidogo, anasimulia kidogo, anafunga kifuniko. Mwezi ujao anaendelea.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba. Yeye pia hakwenda mbali zaidi ya kidato cha pili, lakini alinifundisha mambo ambayo sijaona yakiandikwa kwenye kuta za stesheni ya Rissne, ingawa wameandika pale historia ya dunia nzima tangu enzi za piramidi. Roselyn aliwahi kuzipita kuta hizo zote kwa kidole, kituo kikiwa kitupu, akimtafuta mama yake. Ndivyo alivyoniambia. “Wafalme wapo. Vita vipo. Waliokata miwa sikuwaona.”

Mama yake alikuwa mpika chang'aa, ile pombe kali iliyopigwa marufuku, huko Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa. Kiwanda cha sukari kilipomaliza kutoa sukari kilibaki na molasi, ule uji mweusi mzito, na wanawake waliuchota kwenye madebe, wakauchachusha, wakauchemsha usiku kwenye mapipa na kuukeneka, mvuke wake ukawa pombe. Roselyn alikua akichukia harufu ile. Polisi walikuwa wanaifuata kama yeye anavyofuatwa sasa kwa karafuu. Mama yake alifungwa mara nne. Roselyn alipopata mume aliyekuja kusoma uhandisi Stockholm, alimfuata akiwa na nia moja: asisikie tena harufu ya molasi maisha yake yote.

Ndoa ilikwisha. Kazi aliyopata ilikuwa ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, na huko ndiko alikokutana na Mzee Mikael, Mswidi wa miaka tisini na moja aliyekuwa mpishi wa meli. Mzee huyo alikuwa na ruhusa ya kijiko kimoja cha ramu kwenye chai kila Jumamosi. Siku ya kwanza Roselyn alipofungua chupa ili ammiminie, aliishikilia puani akasimama kama mtu aliyeitwa jina.

“Nikamwambia, mzee, hii ni harufu ya kwa mama yangu,” alinisimulia. “Akaniuliza mama yangu anauza ramu? Nikasema hapana, mama yangu alifungwa kwa ajili ya hii. Alicheka mpaka nikampiga mgongoni. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nikae.”

Kuanzia hapo kila Jumamosi mzee alimpa kijiko chake cha maneno. Roselyn akitoka kazini alikwenda maktaba kuhakikisha, maana alisema mabaharia ni waongo wa kuzaliwa. Mengi yalikuwa kweli. Kwamba katika visiwa vya Karibi, miaka mia nne iliyopita, matajiri walihesabu molasi kuwa takataka, na kwamba ilichachushwa na kukenekwa na mikono ya watumwa waliotolewa Afrika. Kwamba kinywaji cha kwanza kilikuwa kikali hata Waingereza wakakiita Muua Shetani. Kwamba baadaye mapipa ya ramu yalipakiwa melini yakaletwa pwani ya Afrika Magharibi kununulia watu wengine, nao wakapelekwa kukata miwa, miwa ikatoa molasi, molasi ikatoa ramu. Hapo Roselyn alikuwa akizungusha kijiko ndani ya mtungi, polepole, bila kuniangalia.

Na kwamba mabaharia wa Uingereza walipewa kipimo chao cha ramu kila siku, kwa amri, hadi mwaka elfu moja mia tisa sabini.

“Mama yangu alifungwa mara ya kwanza mwaka uliofuata,” alisema. “Ya kwao ilitoka kwenye pipa la mwaloni ikawa posho ya jeshi. Ya mama ilitoka kwenye pipa la mafuta ikawa kosa la jinai. Uji ni ule ule, Mama Rita.”

Nilimuuliza kama Waswidi nao walikuwamo. Aliniambia kuhusu kisiwa kidogo cha Saint-Barthélemy, ambacho kilikuwa chao kwa karibu miaka mia moja. Kisiwa kikavu, hakikufaa kwa miwa, lakini bandari yake, iliyopewa jina la mfalme wao, ilifaa sana kwa biashara, na watu walipita pale wakiuzwa kama sukari ilivyopita. Nilikuwa nimelipa kodi nchi hii miaka yote hiyo na sikuwahi kusikia. Nikamuuliza Rita kama walifundishwa shuleni. Akasema labda, ukurasa mmoja.

Keki yenyewe pia ina safari. Waingereza walipeleka visiwani keki yao ya matunda, na wapishi wale weusi, watumwa na watoto wa watumwa, wakayalaza matunda ndani ya ramu waliyokuwa nayo, miezi na miezi, mpaka keki ikawa nyeusi na ikawa yao. Kule kwetu Waingereza walituletea keki hiyo hiyo bila maelezo. Roselyn aliamua kuziunganisha. Mzee Mikael alipofariki, alimwachia chupa iliyobaki nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyoanzisha mtungi wa kwanza.

Sasa nieleze kuhusu pua.

Zamani kabla ya kulisha, Roselyn alikuwa akifungua kifuniko, anafumba macho, anainamisha uso, kisha anatoa hukumu. “Machungwa yamezidi.” “Huu una njaa.” “Huu uacheni, umeshiba.” Alikuwa na mitungi saba ya wasichana saba na alitambua kila mmoja gizani. Baada ya majira yale ya baridi ya korona, alipougua wiki tatu, mambo yalibadilika. Alianza kunipa kifuniko mimi.

“Nusa, uniambie.”

“Inanukia vizuri.”

“Vizuri ndiyo nini? Hata sabuni inanukia vizuri.”

Basi nikajitahidi. Nilimwambia kama sukari iliyoungua. Kama ndizi iliyoiva mpaka ngozi nyeusi. Mwezi mwingine kama mkoba mpya wa ngozi. Aliitikia kwa kichwa na kuamua kiasi cha kumimina. Nilifikiri ananifundisha, nikajisikia mtu. Lakini mimi macho yangu hayalali. Jumamosi moja maziwa yaliungua jikoni, moshi ukaanza, mimi nikikohoa, na yeye amekaa ananisimulia habari za mabaharia, mgongo wake kwa jiko. Nilinyanyuka nikazima. Alitazama sufuria, akanitazama mimi, akaendelea na hadithi. Sikusema neno. Muoka keki asiye na pua nani atampa harusi? Nilimhurumia, na pia, niseme ukweli, niliuogopea mtungi wangu.

Wakati huo ndipo Rita alipomleta Hakim. Kijana mpole, fundi umeme, mzaliwa wa hapa, baba yake Mganda aliyekuja mkimbizi miaka ya themanini. Niliomba Mungu miaka yote anipe mkwe mwenye heshima. Nilisahau kutaja dini. Baba yake, Hajji Jibril, ni mtu anayetandika mkeka wake hata kwenye maegesho ya magari saa ikifika. Na mimi nina mtungi wa miaka mitatu uliojaa ramu.

Nilimkimbilia Roselyn. Itakuwaje? Kwenye sherehe zetu, baada ya chakula, wazazi wa pande zote mbili hukabidhiwa, kila upande, keki yake nzima, mbele za watu. Tuwape nini wakwe? Nilipendekeza wapewe keki ya kawaida ya mayai na machungwa, kama ile ya kukatwa na maharusi.

“Ndiyo,” alisema Roselyn. “Wewe ubebe keki ya miaka mitatu na wao wabebe ya jana. Waambiwe mbele ya ukumbi kwamba wao ni wa daraja la pili.”

“Sasa tufanyeje?”

“Zitafanana. Mtu akizitazama asijue. Ya kwao nitalaza tende na zabibu kwenye chai nzito ya tangawizi na molasi. Sufuria mpya, mwiko mpya. Viungo vile vile, rangi ile ile, maua yale yale. Ramu peke yake ndiyo isiwemo.”

Na alifanya hivyo. Alinunua hata ungo mpya. Maua ya sukari aliyatengeneza jioni kumi na saba baada ya kazi, petali moja moja, na juu akafunika keki zote mbili kwa aisingi, ile sukari nyeupe inayokauka ikawa ngumu kama chokaa. Chini ya kibao cha kadibodi cha kila keki aliandika herufi kwa penseli. Hiyo tu ndiyo iliyozitofautisha.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, ukumbini Upplands Väsby, na mvua ilinyesha kama imelipiwa. Keki zililetwa na Goodluck, shemeji yake Roselyn, mtu mzima, dereva wa basi, mwenye moyo mwema na haraka nyingi. Chakula kililiwa vizuri. Nilihesabu wageni mara tatu na viti mara mbili. Onyango, mshereheshaji, alianza kutania kwamba wakwe wasiondoke, mizigo yao inakuja. Nikaingia jikoni kuharakisha.

Roselyn alikuwa amesimama mbele ya keki mbili. Hakuwa anatikisika. Keki zilikuwa juu ya vibao vya dhahabu.

“Shemeji,” alikuwa anasema, “vibao vyangu viko wapi?”

“Vile vya kadibodi? Vililowa kwenye mvua, shemeji. Nimekuwekea vya ukumbi. Ona vinavyong'aa!”

“Ulitoa keki ipi kwanza?”

“Ya kulia. Subiri. Nilikuwa nimegeukia dirishani…” Sasa akaelewa. Uso wake ulishuka. “Ya kulia ndiyo ya Hajji. Naapa kwa mama yangu.”

“Mama yako mzima?”

“Mzima.”

“Basi mwache apumzike.”

Nje Onyango alikuwa ameanzisha vigelegele. Roselyn alichukua sindano ya kufumia anayotumia kupimia keki, akaichoma taratibu katikati ya ua la keki ya kulia, mahali pasipoonekana, akaichomoa na kuniletea puani. Hakuniambia kwa nini mimi. Hakukuwa na haja. Nilinusa. Akachoma na ya pili. Nilinusa tena. Tangawizi, karafuu, molasi. Tangawizi, karafuu, molasi. Alikuwa amezifananisha vizuri kupita kiasi.

“Hii ya kulia naona haina,” nilisema. “Nadhani.”

“Una hakika?”

“Kama saba kwa kumi.”

“Saba.”

“Dada, Goodluck naye anasema ya kulia. Tupeleke tu. Watu wanangoja. Hata ikiwa… watakula kipande, hawatajua.”

Ni mimi niliyesema hayo, mimi wa kwaya. Roselyn hakunikaripia. Alifungua droo, akatafuta kisu, akajaribu makali yake kwa kidole gumba.

“Mama yangu walimfunga mara nne,” alisema. “Jirani yake aliuza ya kuchanganya, wanaume wawili wakapofuka. Mama alikuwa akionja kijiko cha kwanza cha kila pipa mbele ya wateja, wakimtazama. Alikuwa mvunja sheria, sawa. Lakini hakuna aliyekunywa kwake kitu asichokijua.”

“Shemeji, usikate!” Goodluck alishika kichwa. “Maua yote hayo!”

Akakata. Sitasahau ile sauti ya aisingi ikipasuka. Ua kubwa la katikati lilivunjika likaanguka mezani, na petali za jioni ngapi sijui zikawa unga. Alikata kipande chenye upana wa kiganja, akakivuta nje, kisha akasogea pembeni ili mimi niiname.

Sikuhitaji kuinama. Ilinijia nikiwa nimesimama: sukari iliyoungua, ndizi iliyoiva, mkoba mpya. Mtungi wangu wa miaka minne ulikuwa unapumua jikoni. Hata Goodluck alisema, “Loo.”

Ilikuwa ile ya kulia. Ile tuliyoiapia.

Nikakaa juu ya kreti ya soda. Goodluck ndiye aliyerudiwa na akili kwanza. “Basi vizuri! Hajji apewe hii nzima. Ya mama Rita tunageuza, pengo liangalie ukutani. Hakuna aliyeona.”

“Wewe umeona,” alisema Roselyn. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. “Na Hajji ataniuliza nina hakika gani na hiyo nyingine. Lazima nimwambie.”

“Umwambie nini?” niliuliza, ingawa nilijua.

“Kwamba pua yangu ilikufa. Mwaka wa pili huu na nusu.” Alinitazama. “Asante kwa kunyamaza, Mama Rita. Na asante kwa kunusa.”

Nilimshika mkono. Nilimwambia kuna mama wasiopungua kumi ukumbini wenye mabinti, kwamba akisema hayo pale amejifungia duka. Aliutoa mkono wake polepole, kama unavyomtoa mtoto shingoni, akatoka.

Nilimfuata. Alipita katikati ya meza, akapiga goti mbele ya Hajji Jibril.

“Shikamoo, Hajji.”

“Marahaba, mwanangu. Keki yangu iko wapi? Huyu mama Hakim amenifungisha tangu asubuhi kwa ajili yake.”

Roselyn alianza kwa sauti ya chini.

“Sema kwa nguvu,” alisema mzee. “Sikio hili lilibaki Kampala.”

Basi akasema kwa nguvu, na ukumbi mzima ukasikia. Kwamba keki zilikuwa mbili, moja na ramu, moja bila. Kwamba zilichanganyika. Kwamba yeye hana uwezo wa kunusa tangu korona na hajamwambia mteja hata mmoja. Kwamba ameikata moja ili ajue, na ile aliyoikata, iliyokuwa ikija mezani kwa Hajji, ndiyo yenye ramu.

Onyango alishusha kipaza sauti. Rita alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

“Kwa hiyo ungenyamaza ningeila,” alisema Hajji.

“Ungeila.”

“Na mimi Mungu asingenihesabia, maana nisingejua.”

“Ndiyo, Hajji. Angenihesabia mimi.”

Mzee alisugua kidevu. “Hii nyingine ina nini?”

“Tende, zabibu, chai ya tangawizi na molasi. Sufuria ilikuwa mpya. Na ungo.”

“Ungo pia?” aliuliza mama Hakim.

“Ungo pia, Hajati.”

“Zilete zote mbili,” alisema Hajji.

Goodluck alizileta moja moja, akitembea kama anabeba mayai. Hajji alivaa miwani, akazitazama kwa muda mrefu, hii nzima na hii yenye shimo, na akamgeukia mume wangu, aliyeketi kando yake.

“Mkwe, ya kwako imeumwa na panya.”

Watu walicheka, wengine kwa woga.

“Hii si haki,” aliendelea. “Yangu nzima, ya mkwe wangu na pengo. Kesho watu wa Busia watasema tuliwafanyia nini? Mwanangu, chukua kisu. Kata na yangu. Pengo kama lile lile.”

“Baba Hakim, picha!” mama Hakim alilia. “Hatujapiga picha!”

“Tutapiga zikiwa na mapengo. Hata mimi nina mapengo na umenipiga picha miaka arobaini.”

Roselyn alikata. Kipande kilipotoka, Hajji alikivunja kwa vidole, akasema bismillahi, akala, akatafuna kwa utulivu wa mtu mwenye meno machache. Kisha akamkatia mke wake, na mke wake akamlisha Rita wangu kwa mkono. Picha ninayo ukutani: keki mbili nyeupe, kila moja na shimo upande wa kushoto, na sisi wazazi wanne nyuma yake, mimi peke yangu nimefumba macho.

Wiki iliyofuata mama wawili walikwenda Rissne wakachukua mitungi yao. Mmoja aliomba radhi, mwingine hakuomba. Roselyn aliwafungia vizuri kwa magazeti isimwagike njiani, akawaeleza namna ya kulisha. Hajati naye alipiga simu akiagiza keki ya tende kwa ajili ya Idi, na ya dada yake, na ya jirani.

Sasa Roselyn ana desturi mpya. Mama akija na binti kuanzisha mtungi, kabla hajavua hata viatu anaambiwa: mimi sinusi, nina mtu wa kuninusia, ukikaa, karibu sana; ukiondoka, sina neno. Mimi huwa niko jikoni Jumamosi na nasikia. Wengine hukaa, wengine huenda. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Kirundi, mkali wa macho. Alisikia, akafunga tena vifungo vya koti lake, akafungua mlango, akatoka hadi kwenye lifti. Tulisikia lifti ikifika, ikafunguka, ikajifunga. Kisha akagonga tena.

“Hiyo keki ya matunda,” aliuliza, “ya ghorofa tatu, inataka mtungi wa ukubwa gani?”